PROTINI NI NGAPI? TUAMBIE KWANZA UMEPIMAJE

Maoni ya mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Sina ubishi nao hata kidogo. Lakini leo, mpenzi msomaji, naomba kuuliza swali moja: je, kibaba chenyewe kikiwa na kasoro? Kila aliyewahi kutumwa sokoni kununua mahindi anaijua ile gorogoro iliyobonyezwa chini. Muuzaji anaijaza mpaka inafurika, wewe unafurahi, kumbe ukifika nyumbani mama anapima kwa gorogoro yake na mahindi hayafiki ukingoni. Mahindi ni yaleyale. Kilichobadilika ni chombo.

Nimeleta habari za gorogoro kwa sababu ya jambo lililotutokea maabarani muhula uliopita. Nitaanza kwa kuungama.

Siku hiyo mwalimu wa Biolojia alitugawa makundi ya kupima vyakula. Wengine walipewa ute wa yai, wengine maziwa, wengine maharagwe yaliyosagwa. Sisi tulipewa majani ya terere kutoka shamba la shule, na majirani zetu wakapewa sukuma wiki. Kazi yenyewe si ngumu. Unatwanga majani, unatia maji, unachuja, unamimina kwenye testi-tyubu, unaongeza hidroksidi ya sodiamu kisha matone machache ya salfeti ya shaba. Protini ikiwapo, rangi inageuka kuwa zambarau. Hicho ndicho kipimo cha Biureti ambacho kila mtahiniwa wa KCSE anakijua kama jina lake.

Wenzetu wa ute wa yai walipiga kelele za furaha. Zambarau yao ilimeremeta kama ua. Yetu je? Iliingia kijani ikatoka kijani, labda na weusiweusi kidogo kama maji ya kuoshea sufuria. Tukatazamana. Mmoja wetu akanong'ona, "Andikeni zambarau, bwana! Si kitabu kinasema majani yana protini?" Basi tukaandika zambarau. Majirani wetu wa sukuma wiki waliandika walichodhani ni kweli: "Hakuna protini." Madaftari yaliporudi, sisi tulikuwa na alama zote. Wao walikuwa na sufuri.

Nimekuja kugundua kwamba makundi yote mawili tulikosea. Wao waliona kitu wakakipa maana isiyo yake. Sisi hatukuona kitu tukasema tumekiona. Kati ya makosa hayo mawili letu ndilo baya zaidi, na ndilo lililotuzwa. Jambo hilo limenikaa rohoni hadi leo, na ndilo lililonifanya nianze kuuliza walimu na kusoma habari za upimaji wa protini katika mimea. Niliyoyapata yamenishangaza, na sioni vyema kuyaficha kibindoni.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hizi njia tunazozisikia kila mara hazishiki protini zikaiweka kwenye mizani kama nyama buchani. Zinapima kitu kingine kinachoandamana na protini, kama vile mtu apimaye urefu wa mti kwa kutazama kivuli chake. Kivuli ni kitu cha kweli, ila huwa kirefu asubuhi na kifupi adhuhuri, na mti ni uleule.

Chukua njia ya Kjeldahl, mzee wa njia hizi. Johan Kjeldahl alikuwa mwanakemia wa Denmark, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kampuni yenyewe ni ya pombe, na watengenezaji pombe walitaka sana kujua protini iliyomo kwenye shayiri. Mwaka wa 1883 akatangaza njia yake. Unachemsha nafaka katika asidi kali ya salfuriki hadi nitrojeni iliyomo igeuke kuwa chumvi ya amonia, unaongeza hidroksidi ya sodiamu ili amonia itoke, unainasa, halafu unaipima kwa taitresheni, ileile inayotutoa jasho katika Kemia. Mwishoni unajua kiasi cha nitrojeni. Umeona? Nitrojeni, si protini!

Ili kupata protini, watu walichukulia kwamba katika kila gramu 100 za protini mna gramu 16 za nitrojeni. Gawanya 100 kwa 16 upate 6.25. Basi nitrojeni yoyote inazidishwa kwa 6.25 na jibu linaitwa protini. Hesabu hii ni nyepesi, lakini imesimama juu ya nguzo mbili: kwamba protini zote zina nitrojeni asilimia 16, na kwamba nitrojeni yote iliyomo kwenye mmea ni ya protini. Kwa mimea, nguzo zote mbili zinatikisika.

Tuanze na ya kwanza. Mwaka wa 1931 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa D. B. Jones alionyesha kwamba protini hazifanani. Kwa unga mweupe wa ngano nambari ifaayo ni 5.7, kwa njugu karanga ni 5.46, kwa mchele ni 5.95. Sasa chukua unga mweupe wa ngano wenye gramu 2 za nitrojeni katika kila gramu 100. Ukizidisha kwa 6.25 unapata protini gramu 12.5. Ukizidisha kwa 5.7 unapata gramu 11.4. Gunia ni lilelile, na nambari ni mbili. Anayeuza atapenda ipi? Jibu mwenyewe.

Nguzo ya pili ndiyo mbovu zaidi, na mfano wake uko kikombeni mwetu kila saa nne. Majani ya chai yana kafeini, ile dawa inayotukesha wakati wa mitihani. Kafeini si protini na haijengi mwili, lakini zaidi ya robo ya uzito wake ni nitrojeni. Majani makavu ya chai yakiwa na gramu 3 za kafeini katika gramu 100, njia ya Kjeldahl itaihesabu nitrojeni hiyo kama ya kawaida, na 6.25 itatuletea zaidi ya gramu 5 za protini ambayo haipo duniani! Mtafiti anayepima chai ya Kericho na asiiondoe hesabu ya kafeini atakuwa anatuhesabia mizimu. Nayo terere, kama mboga nyingi za majani, huweka naitreti nyingi kutoka kwenye udongo. Njia ya Dumas, ambayo huchoma sampuli na kupima gesi ya nitrojeni inayotoka, huihesabu naitreti hiyo pia. Njia ya Kjeldahl ya kawaida huiacha sehemu yake kubwa. Kwa hiyo shina moja la terere likipelekwa kwenye maabara mbili linaweza kurudi na majibu mawili, na hakuna fundi aliyefanya uzembe.

Labda utasema, "Wewe nawe! Gramu moja hapa, gramu moja pale, kuna ubaya gani?" Subiri kidogo.

Mwaka wa 2007 paka na mbwa wengi nchini Marekani waliugua na wengine wakafa baada ya kula vyakula vya makopo. Ilibainika kuwa kitu kilichouzwa kutoka China kwa jina la gluteni, yaani protini ya ngano, kilikuwa kimetiwa melamini. Melamini ni kemikali ya viwandani ya kutengenezea plastiki ngumu, na theluthi mbili za uzito wake ni nitrojeni. Piga hesabu: gramu 1 ya melamini, mbele ya kipimo cha nitrojeni, inajifanya zaidi ya gramu 4 za protini. Mwaka uliofuata, 2008, hila iyo hiyo ikafichuka nchini China katika maziwa ya watoto. Maziwa yalikuwa yameongezwa maji, na melamini ikatiwa ili kipimo kisigundue upungufu. Watoto karibu 300,000 waliugua, wengi wakiwa na mawe kwenye figo, na sita wakafariki dunia. Jamani! Wale watoto walidhurika kwa tamaa ya watu, ni kweli, lakini tamaa hiyo ilipita mlango uliokuwa wazi. Walaghai walijua kwamba mashine inahesabu nitrojeni, na kwamba kila mtu aliyesoma karatasi ya majibu aliamini anasoma protini.

"Basi tuachane na nitrojeni," atasema mwingine, "tutumie njia za rangi." Hebu tuzitazame nazo.

Mwaka wa 1951 Oliver Lowry na wenzake huko St. Louis, Marekani, walichapisha njia ya kupima protini kwa shaba pamoja na dawa iitwayo Folini, inayoleta rangi ya buluu. Makala yao yametajwa na watafiti zaidi ya mara 300,000, kuliko makala mengine yoyote ya sayansi. Njia ni nzuri na inaona protini kidogo sana. Lakini dawa ya Folini hugeuka buluu pia inapokutana na fenoli, na mimea imejaa fenoli: tanini za chai, tanini za mtama mwekundu, ule ukali unaokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Kwa kweli kuna watafiti wanaoitumia dawa ya jamii hiyo hiyo kupima fenoli zenyewe! Kwa hiyo ukitia maji ya majani ya chai humo, buluu itatoka kwa fahari, nawe hutajua ni nani aliyeitoa.

Mwaka wa 1976 Marion Bradford wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, akaleta njia nyingine. Yeye alitumia rangi ya kutia kwenye nguo za sufu, iitwayo Coomassie, jina lililotokana na mji wa Kumasi, Ghana. Rangi hii ikishikana na protini hubadilika kutoka hudhurungi kuwa buluu. Ni ya haraka. Katika dakika chache umemaliza. Lakini inapenda kushikana na amino asidi fulani, hasa ajinini, kwa hiyo protini yenye ajinini chache huonekana haba kuliko ilivyo. Hata mabaki ya sabuni kwenye chombo yanaweza kuivuruga. Tena, ili ujue buluu fulani ni sawa na gramu ngapi, huna budi kuilinganisha na protini unayoijua kiasi chake. Wengi hutumia albumini ya damu ya ng'ombe kwa sababu ni rahisi kupatikana. Albumini hiyo hutoa buluu nyingi mno, takriban mara mbili ya protini nyingine za damu zinazoitwa globulini. Sasa protini kuu ya jani la kijani ni Rubisko, inayosaidia kunasa hewa ya kaboni ili mmea ujitengenezee chakula. Kumpimia Rubisko kwa ng'ombe ni sawa na kuchukua gorogoro ya mahindi ukapimia pamba.

Nasikia sauti ya mwanasayansi mmoja wa bweni letu: "Basi vipimo vyote ni bure, tuvitupe!" La hasha. Sisemi hivyo, na anayesema hivyo amekosea kuliko sisi wa zambarau. Njia ya Kjeldahl imetumika zaidi ya miaka 100 kwa sababu inafaa. Ukitaka kujua ni mahindi ya shamba gani yenye protini nyingi kuliko ya shamba lingine, na ukayapima yote kwa njia moja, kosa litawaangukia wote kwa kiasi kinachokaribiana, na ulinganisho wako utasimama. Fenoli nazo zina dawa: watafiti wa mimea huweka unga maalumu unaozinasa kabla ya kupima. Isitoshe, iko njia ya kuivunja protini na kuhesabu amino asidi moja moja, na mwaka wa 2003 shirika la FAO lilichapisha ripoti iliyoipendekeza njia hiyo panapowezekana. Ila ni ghali na inataka mitambo. Kwa hiyo tatizo langu si vipimo. Tatizo langu ni nambari inayotembea peke yake bila kutaja wazazi wake.

Tena hata nambari ya kweli haisemi yote. Mwaka wa 1964 Edwin Mertz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza kwamba aina fulani ya mahindi ilikuwa na laisini nyingi kuliko mahindi ya kawaida. Laisini ni amino asidi ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na mahindi ya kawaida huwa na upungufu wake. Mahindi hayo mawili yanaweza kuwa na protini kiasi kimoja kwenye karatasi, na bado moja likamjenga mtoto kuliko lingine. Baadaye Evangelina Villegas na Surinder Vasal, kule Mexico, walifanya kazi miaka mingi mpaka wakapata mbegu nzuri zenye sifa hiyo, na mwaka wa 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Villegas alikuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kupima, na kupima ubora wa protini wala si wingi wake tu. Bila yeye kuuliza "ni protini ya namna gani?", mkulima angepokea mbegu gizani. Hata githeri yetu tunayoilalamikia bwaloni inafuata hekima hiyo: maharagwe yana laisini ambayo mahindi hayana ya kutosha. Kwa hivyo wenzangu mnaochagua mahindi na kuacha maharagwe kwenye sahani, mjirekebishe.

Sasa turudi maabarani, maana mganga hajigangi. Baada ya kusoma haya nilimwendea mwalimu wetu, nikamwambia ukweli kuhusu zambarau yetu ya uongo. Nilitarajia kuchapwa maneno. Badala yake alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, turudie, lakini mara hii tulitege swali." Tukatwanga terere upya, tukagawa maji yake kwenye testi-tyubu mbili. Moja tukaiacha, ya pili tukaitia ute wa yai kwa makusudi. Tukatia dawa zote. Mnajua nini? Hata ile yenye yai haikuonyesha zambarau! Ilibaki kijani chafu. Tulijua kwa macho yetu kwamba humo ndani mna protini, maana sisi wenyewe ndio tulioiweka, lakini ule ukijani uliifunika. Hapo ndipo nilipoelewa. Majirani wetu wa sukuma wiki walistahili kuandika: "Zambarau haikuonekana; huenda ukijani wa jani umeificha." Jibu hilo halimo katika kitabu, lakini ndilo la kweli.

Kwa hivyo natoa mapendekezo yangu kwa heshima na taadhima, kwa walimu wetu na kwa wenzangu.

Kwanza, tuandike tulichokiona, si tulichotarajiwa kuona. Walimu wetu wapendwa, mkimkuta mwanafunzi ameandika "kijani" kwa uaminifu na akajaribu kueleza sababu, msimpe sufuri. Mkimpa sufuri leo, kesho ataandika zambarau.

Pili, kila kipimo kiwe na mashahidi wawili: testi-tyubu ya maji matupu, na nyingine yenye protini tunayoijua. Na tunapopima majani, tuwe na ya tatu, iliyotiwa yai kama tulivyofanya. Ute wa yai moja unatosha darasa zima, kwa hivyo hakuna atakayesema shule haina pesa.

Tatu, tukiandika nambari yoyote ya protini katika miradi yetu ya sayansi, tuandike kando yake imepimwa kwa njia gani na imezidishwa kwa ngapi. Na tukisoma pakiti dukani iliyojigamba kwa protini tele, tujizoeze kuuliza swali hilo. Kuuliza si ujinga.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya chuo kikuu, sisi tungoje. Mimi nasema waliotia melamini walikuwa watu wazima, na walioamini karatasi bila kuuliza walikuwa watu wazima pia. Tabia ya kuandika zambarau pasipo zambarau haianzi ukubwani. Inaanzia hapa, kwenye meza hizi zenye alama za asidi, kwa sababu ya alama mbili tu za mtihani.

Ama zile alama zetu za terere, mwalimu alizifuta mimi mwenyewe nikitazama. Wenzangu wa kundi walininunia siku tatu nzima, mmoja hata akaacha kuniachia nafasi kwenye foleni ya chai. Sasa tumepatana. Juzi tulipimiwa sukari kwenye mihogo na rangi ikakataa kutokea. Yule aliyeninong'oneza siku ile ndiye aliyeshika kalamu kwanza, akaandika: "Hatukuona badiliko lolote." Kisha akanigeukia akauliza, "Na sababu? Tuandike sababu gani?"